Jinsi Ng'ombe wa Mara Walivyogeuka Alama za Kuuliza

Mliponiaga mlinipa mashuka mawili, saa ya ukutani na daftari jipya, mkasema Mama Nyangeta, andika, una mengi. Mashuka nayatumia. Saa nimeitundika kisha nikaigeuzia uso ukutani, maana nimestaafu. Limebaki daftari. Naandikia sebuleni kwangu hapa Nyasho, kwenye kochi nililolitamani kila siku ya kazi kuanzia saa mbili asubuhi, kwa hiyo msitegemee habari za safari. Vyeo nitavipita, havikuwa vingi kiasi cha kunichosha kuvipita. Nitasema habari za kompyuta, na za kosa moja ambalo ofisini mnalijua nusu, ile nusu inayonipendezesha.

Niliingia kazini na cheti cha kidato cha nne na kingine cha taipu. Chama chetu cha wafugaji wakati ule kilikuwa na vyumba viwili mjini Musoma, na kazi yake kubwa ilikuwa kuandikisha chapa za ng'ombe, ile alama ambayo mfugaji anaichoma kwa chuma cha moto kwenye paja la mnyama ili akiibiwa ajulikane ni wa nani. Kwa mkoa wetu hiyo si kazi ndogo. Siku ya kwanza nikaulizwa: unataka kuzunguka kwenye majosho ukiandikisha wafugaji huko huko, au ukae chumba cha kompyuta? Nikauliza chumba cha kompyuta kina kiti? Wakasema kipo. Watu wanasemaga nilipenda teknolojia toka usichana. Mimi nilipenda kiti.

Chumba hicho kilikuwa ufalme wa Mzee Magesa, mwandishi wa programu pekee tuliyekuwa naye. Alikuwa mfupi, na koti lake la kijivu sikuwahi kuliona limefunguliwa kifungo.

"Vua viatu," ndilo neno lake la kwanza kwangu.

"Kompyuta inasikia vumbi?"

"Kompyuta haisikii. Mimi nasikia. Vua."

Mzee Magesa alikuwa amejifunzia Dar es Salaam, kwenye mashine kubwa kama makabati. Programu yetu ya chapa aliiandika mwenyewe, mstari kwa mstari, na ilikuwa inakaa juu ya DOS. Kwa nyie mliozaliwa mkazikuta simu za kugusa: DOS ni mfumo endeshi, ile programu ya chini kabisa inayoamsha kompyuta na kuiambia kibodi iko wapi na printa iko wapi. Ukiwasha unaona weusi, herufi moja, na kijimstari kinachopepesa. Basi. Kinakungoja wewe.

"Umeona, binti?" Mzee akasema. "Haina salamu, haina muziki. Imenyamaza kama mlinzi anayejua kazi yake."

"Na nisipojua cha kuiambia?"

"Basi mtanyamaza wote wawili."

Hivyo ndivyo nilivyofundishwa. Amri niliziandika kwenye kiganja kwa kalamu, na ifikapo saa nne jasho lilikuwa limeshafuta nusu. Nilikariri kwa sababu ya jasho, si kwa sababu ya akili.

Wafadhili walipotuletea kompyuta ya kwanza yenye Windows, Mzee aliitazama asubuhi nzima akiwa amefunga mikono. Mimi nilitamani kuigusa, ilikuwa na rangi. Mwishowe akatoa hukumu. "Mtu mzima, ana familia, anachorewa picha ya ndoo ya taka ili ajue pa kutupa. Kesho watamchorea kijiko." Ile kompyuta ikahamishiwa kwa mhasibu, ambaye kwa miezi sita aliitumia kuchezea karata. Tukaichukulia kuwa ushahidi. Tangu siku hiyo na mimi nikawa mtu wa DOS, kwa namna ambayo mtu anakuwa wa timu fulani ya mpira: sikuweza kueleza kwa nini, lakini ningeweza kununa kwa ajili yake.

Sasa nije kwenye ufundi wenyewe, maana ndio uliotuponza. Chapa ni mchoro, na kompyuta yetu ilikuwa inajua herufi tu. Mzee aligundua kwamba DOS ina vipande vya mistari vilivyofichwa: kona, mstari wa kulala, mstari wa kusimama, msalaba. Havipo kwenye kibodi. Unashikilia kitufe kimoja upande wa kushoto, halafu unapiga namba upande wa kulia. Ukipiga 218 unapata kona. Ukipiga 196 unapata mstari wa kulala. Ukipiga 191 unapata kona ya upande wa pili. Vipange vitatu hivyo kwa mfuatano, una mlango usio na kizingiti. Wafugaji wetu wanapenda chapa rahisi, kwa sababu chuma cha moto na ng'ombe anayerusha mateke haviruhusu urembo. Nyingi zilikuwa vipande vitatu au vinne.

Mfugaji alikuwa anakuja, anachora kwenye karatasi, mimi napiga namba, printa inalia kama cherehani ya fundi mwenye haraka, anapewa kadi yake. Baada ya miaka michache nilikuwaga sioni tena michoro. Niliona namba. Nikipita dukani nikakuta nondo za dirisha, kichwani inakuja 197. Mume wangu akinuna, mdomo ukanyooka, nilikuwa najua: hiyo ni 196. Fomu za karatasi zililiwa na mchwa, tukacheka, tukasema afadhali, yote yako kwenye mashine.

Mzee Magesa alistaafu akarudi kwao Mugango kulima. Siku anaondoka alivaa viatu vyake mlangoni taratibu, kamba moja, kamba ya pili, akasema, "Binti, wasiiguse." Wakati huo nilikuwa na wajukuu wawili. Nikasema hawataigusa. Nikabaki peke yangu na ile mashine miaka mingi, nikiipangusa, nikiitafutia utepe wa wino kwa watu wanaonishangaa. Nilikuwa kama mtu anayefuga kobe.

Halafu akaja Neema. Wengi wenu mnamjua kama bosi. Mimi namjua akiwa na begi la mgongoni na stashahada mpya kutoka Mwanza. Aliingia na viatu.

"Mama, hii bado inaishi?" akauliza, akiinama kuitazama mashine.

"Itakuzika."

"Amina. Lakini diski yake inakwaruza, unasikia? Hii haimalizi mwaka."

Nilikuwa nasikia. Nilikuwa nasikia toka mwaka uliotangulia, nikawa naongeza sauti ya redio.

Uongozi ukaamua tuhame. Neema akaleta kompyuta mpya, na mimi nikajiandaa kudharau picha. Lakini hakuweka Windows, aliweka Linux, mfumo endeshi mwingine, kwa maelezo kwamba haishikwi na virusi hovyo. Halafu akafungua dirisha jeusi, akaanza kupiga amri kwa herufi. Weusi ule ule! Kijimstari kile kile, kinapepesa!

"Si DOS hii?" nikauliza.

"Hapana, Mama. Hii ni nyingine kabisa."

"Inaongea?"

"Ukikosea hata haikuonyi. Inafuta tu."

Mngetegemea nifurahi, nimepata ndugu wa DOS uzeeni. Nilichukia zaidi. Windows ningeidharau kwa raha, kama Mzee alivyonifundisha. Hii ilikuwa inafanya mambo yetu, kwa vidole vya mtoto wa juzi, na haraka kuliko mimi. Nikanuna wiki mbili. Mtu wa kujifungia ndani akinuna, hana pa kwenda kupunguzia.

Neema alihamisha taarifa kwa flopi kumi, diski ndogo bapa za kubebea taarifa, hizo hizo akizijaza na kuzifuta kila awamu, kwa sababu nyingine hazikupatikana mjini. Siku ya tatu akageuka kwenye kiti.

"Mama, samahani. Kwenye safu ya chapa naona herufi za ajabu. Za Kizungu, zenye kofia na vidoti juu. Ni taarifa, au ni uchafu wa diski?"

Nilikuwa nakunywa chai. Nilijua ni nini. Mashine yake ilikuwa na kanuni nyingine ya kusoma zile namba: pale ambapo yetu iliona kona, ya kwake iliona herufi yenye kofia. Ilikuwa ni kumwambia sentensi moja. Nikasema, "Wewe si ndiye msomi?"

Akageukia kioo chake. "Basi nitasafisha."

Nikaendelea na chai.

Ningependa kuandika kwamba sikuelewa maana ya kusafisha. Nilielewa nusu, na ile nusu nyingine niliamua hainihusu. Alipomaliza, akasema mashine ya zamani iende stoo. Nikasema hapana, nitaifuta mwenyewe, nisingekubali mtu mwingine aitoe roho. Nikaketi, nikapiga amri ya kufuta diski yote. Ikaniuliza swali moja tu, kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo. Nilijisikia mtu wa maana sana, kama kwenye mazishi ya kitaifa.

Miezi ikapita. Watu waliomba orodha za chanjo, orodha za majosho, majina ya wanachama. Vyote vilitoka safi, kwa haraka. Hakuna aliyeomba chapa, kwa sababu chapa haiombwi mpaka ng'ombe aibiwe.

Mama Wakuru alikuja siku ya Jumatatu kutoka Butiama. Mjane, umri wake umenizidi kama miaka kumi na mitano, mrefu, anaongea akitazama juu ya kichwa chako. Maksai wake wawili wa kulimia walikuwa wameibwa. Shemeji yake amewaona mnadani Bunda, kwa mchuuzi wa ng'ombe. Mchuuzi anasema ni wake na chapa ni yake, ameiandikisha kwenye chama. Afisa wa mnada amewafungia maksai zizini, amesema atamwachia yule ambaye chama kitamtambua. Kadi ya marehemu mume wake ilikuwa mfukoni mwa shati, na shati lilifuliwa.

"Mvua zimeshaanza," akasema. "Sina jembe lingine zaidi ya hao wawili. Nipeni karatasi niende."

Neema akatafuta. Jina sawa. Kijiji sawa. Chapa: alama tatu za kuuliza. Akatafuta jina la mchuuzi, naye alikuwemo kweli, mkazi wa Bunda. Chapa: alama tatu za kuuliza. Akafungua mwingine, na mwingine. Kila herufi ya ajabu iliyosafishwa ilikuwa imeachia alama ya kuuliza mahali pake; wenye vipande vinne walikuwa nazo nne. Ng'ombe wote wa Mara, kuanzia ziwani mpaka huko milimani, walikuwa na chapa moja.

Mama Wakuru akainama kwenye kioo. "Hii ndiyo chapa ya mume wangu? Mbona ni masikio matatu?"

Neema alikuwa ananitazama mimi.

Nikamweleza palepale, kuhusu kona na mistari na namba. Nilieleza vizuri sana, kwa mpangilio, kama ambavyo ningeeleza siku ile kama nisingekuwa na kikombe mdomoni. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama, nilikuuliza."

"Uliniuliza."

"Ukaniambia mimi ndiye msomi."

"Nilisema hivyo."

Akazima kioo kwa kidole. "Chapa ya huyu bibi, unaikumbuka?"

Hapo ndipo nilipogundua kwamba vidole vyangu vilikuwa vinagonga juu ya meza. Mbili moja nane, moja tisa sita, moja tisa moja. Mlango usio na kizingiti. Niliipiga mwenyewe, mume wake akiwa amesimama mlangoni bila viatu, akilalamika sakafu ni ya baridi. Na ya mchuuzi? Moja tisa tano, moja tisa sita, moja nane sifuri. Kama herufi H iliyonenepa.

Kesho yake mimi, Neema na Mama Wakuru tukaenda Bunda kwa gari la chama. Katika miaka yote ile sikuwahi kufika mnadani kikazi. Ofisi yangu ilikuwa inaanzia kwenye kiti na kuishia kwenye printa. Nilishuka na pochi nimeikumbatia, nikakanyaga nilichokanyaga, na Neema akasema pole bila kucheka, jambo lililoniumiza zaidi.

Afisa wa mnada alikuwa kijana mtulivu mwenye buti za mpira. Akasikiliza, akatutazama mmoja mmoja.

"Kwa hiyo kumbukumbu za chama ziko wapi?"

"Hapa," Neema akasema, akinionyesha mimi.

Mchuuzi akacheka kwa sauti. "Afisa, mimi nimeleta ng'ombe, hawa wameleta bibi!"

"Bibi anakumbuka chapa yako," nikasema. "Ni kama H. Hawa maksai pajani wana mlango usio na kizingiti, chapa ya mume wa huyu mama."

"Hiyo niliibadilisha."

"Lini? Kubadilisha ungekuja kwangu."

Afisa akanyoosha mkono tunyamaze. "Mama, mtu anaweza kukumbuka kile anachotaka. Nitakupima." Akanigeuza nitazame ukuta wa choo, ndio uliokuwepo. Akawa anaita wafugaji waliokuwa mnadani, kila mmoja anataja jina lake, ng'ombe wake wakiwa nyuma ya mgongo wangu. Mimi naita namba, natazama vidole vyangu, halafu nachora kwa kijiti mavumbini. Watu wakaanza kusogea. Wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa tatu aliniuliza, "Na mimi shangazi, unanikumbuka?" nikamwambia sura sikumbuki, chapa yako ni msalaba wenye mguu, wakapiga makofi. Wa nne, wa tano, wa sita, sawa.

Wa saba nikachora.

"Hiyo siyo," mwenyewe akasema. "Hiyo ni ya shemeji yangu. Tulikuja pamoja siku ile."

Watu wakacheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Nilidhani nimeharibu kila kitu. Lakini afisa alikuwa anaandika. "Angepatia zote," akasema, "ningesema amefundishwa." Akamwambia mchuuzi asiondoke, askari wana maswali mengine kwake, na akafungua zizi.

Hiyo ndiyo nusu mnayoijua. Ofisini inasimuliwaga kama hadithi ya bibi na kichwa chake. Kilichofuata pia mnakijua: miezi saba mimi na Neema tukiketi bega kwa bega, nikimwimbia namba, wafugaji wakiitwa kijiji kwa kijiji waje kuchora upya zile nilizozisahau, ambazo zilikuwa nyingi kuliko nilizozikumbuka. Ndiyo maana leo kila chapa ina picha yake, na nakala ya karatasi, na maelezo ya maneno. Mimi mwenyewe nilijifunza Linux. Ni mfumo mzuri. Na DOS ilikuwa mfumo mzuri. Hata Windows, nasikia, ina watu wake. Nimekaa na mifumo maisha yangu yote na hakuna hata mmoja ulionuna.

Lakini pale zizini, Mama Wakuru akiwa amemshika maksai mmoja sikio, alianza kunishukuru. Mkono wangu ukiwa ndani ya mikono yake miwili, akaniita mwanangu, akasema Mungu akutunzie hicho kichwa. Sikuweza. Nikamweleza habari ya swali la Neema, na jibu langu, na kwamba karatasi yake ingetoka Jumatatu kwa dakika mbili. Na kwamba wafugaji wengine wote bado wana masikio matatu kwa sababu yangu.

Akaachia mkono wangu. Akatazama juu ya kichwa changu.

"Ulikuwa unakunywa chai."

"Ndiyo, mama."

"Ya maziwa?"

"Ya maziwa."

"Haya." Akaanza kuwatoa maksai, kisha akasimama. "Majirani zangu mtama umeshaota. Mwanangu yuko Buhemba kwenye machimbo, hapatikani. Alhamisi uje Butiama, unishikie plau."

"Mimi? Sijawahi kushika plau."

"Na mimi sijawahi kushika kompyuta. Nilikuja."

Alhamisi nikaenda. Neema alikuja pia, bila kuombwa. Akapewa kuongoza maksai mbele, na alikuwa anawaongelesha kwa adabu kama wanachama. Mimi nilikuwa nyuma, nimeng'ang'ania vishikio viwili vya mbao, plau ikinivuta ilikotaka. Mstari wa kwanza ulikwenda kama nyoka. Wa pili uliufuata wa kwanza. Watoto wa jirani walikuja kukaa ukingoni kama watu waliokata tiketi. Mama Wakuru alikuwa nyuma yangu na kibuyu cha mbegu, na kila nilipopinda, alipinda na yeye, akidondosha mtama kwenye huo mfereji wangu kama ulivyo.

Wa tatu ulikuwa mbaya kuliko yote. Nikasimamisha, nikageuka, mgongo unawaka.

"Mama, ngoja niurudie huu. Umepinda sana."

"Mbegu nimeshaweka," akasema. "Twende mbele."